Swali Ambalo Sikumwuliza Mama Yule



Ndugu wasomaji, kwa mwaka wangu wa kichungaji nilitumwa katika parokia moja ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Ni nchi ya kahawa na mahindi, na nyumba nyingi zina nguruwe wawili watatu. Nilifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, nilizunguka vigangoni kwa pikipiki pamoja na katekista, na Jumapili ambazo padre hakuweza kufika niliongoza Ibada ya Neno. Nilirudi seminarini na barua nzuri ya paroko. Haya ninayoyaandika leo hayamo katika barua hiyo.

Katika kigango kimoja kulikuwa na binti wa miaka kumi na minne. Jina lake nalihifadhi. Alikaa benchi la nyuma, upande wa akina mama, na kila upande wake palibaki nafasi ya watu wawili, hata siku za sikukuu ambapo wengine walisimama nje. Nilidhani ni mtoto mpole anayependa kukaa peke yake. Jumapili yangu ya tatu pale ndipo nilipojua. Nikiwa katikati ya mahubiri, alitoa sauti kama ya mtu aliyekabwa, akaanguka kati ya mabenchi. Mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutupatupa. Mapovu yalimtoka mdomoni. Watu walikimbilia mlangoni, wengine wakiwafunika watoto wao macho. Mama yake peke yake ndiye aliyepiga magoti, akamlaza kwa ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa.

Mimi nilirudi nyuma hatua mbili.

Nyumbani kwetu tulikua tukiambiwa kwamba ukiguswa na mate au mapovu ya mwenye kifafa, nawe utaanguka. Nilikuwa nimesoma falsafa miaka mitatu na kufaulu vizuri mtihani wa mantiki. Lakini siku ile miguu yangu ilifuata maneno ya utotoni, na mama yule aliniona.

Hata hivyo, wiki iliyofuata alinifuata parokiani. Alikuwa ametembea zaidi ya saa mbili.

"Frateri, watu wanasema ni mapepo," aliniambia. "Wengine wanasema nimemtoa mtoto kafara ili nipate utajiri. Na mimi hata baiskeli sina. Nisaidie."

Alifungua pindo la kanga akatoa vidonge alivyopewa zahanati. Alitaka kujua kama aendelee kumpa, maana vilimfanya mtoto asinzie mchana kutwa, na jirani mmoja alimwambia kwamba kutumia dawa wakati unaombewa ni kumjaribu Mungu.

Nilimjibu hivi: "Mama, tuanze na sala. Tufanye novena nyumbani kwako pamoja na jumuiya, siku tisa. Tumwachie Mungu kwanza."

Sikumwambia aache dawa. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi, usiku, nikiwa peke yangu. Lakini mtu aliyetembea saa mbili kuja kuuliza habari za dawa, akajibiwa kwa neno "kwanza", ataelewa nini? Aliviacha siku ile ile.

Novena ilikwenda vizuri. Kila jioni tulijaa uani kwake, tukaimba, tukasali rozari. Mpaka siku ya sita binti hakuanguka, na baadhi ya wanajumuiya walianza kushukuru. Alfajiri ya siku ya saba mama alikwenda kisimani. Binti alibaki jikoni akichochea moto wa uji. Alianguka akiwa peke yake, mkono wa kushoto ukaingia mafigani.

Tulimpeleka kwa bodaboda hadi kituo cha afya kinachosimamiwa na masista. Sista mganga alimtuliza, akamsafisha jeraha, kisha akakaa na mama na kuanza kumwuliza. Ilianza lini? Alipokuwa mdogo aliwahi kupata degedege la malaria? Aliwahi kuumia kichwa? Mkianza kuhesabu, anaanguka mara ngapi kwa mwezi? Mnafuga nguruwe? Wanafungwa au wanatembea? Choo kipo? Kuna mtu nyumbani anayeona vitu kama vipande vya utepe mweupe anapokwenda haja?

Kisha akauliza, "Dawa aliacha lini?"

Mama aliniangalia, akanyamaza. Alikuwa ananilinda. Ikabidi nijibu mwenyewe.

Sista hakunigombeza. Aliniambia tu, "Frateri, dawa za kifafa hazikatishwi ghafla. Ukizikatisha, mgonjwa anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Zikimlaza sana, tunabadilisha kipimo au tunabadilisha dawa. Angekuja kwangu." Baada ya kimya kidogo aliongeza, "Ungemleta kwangu."

Katika wiki zilizofuata, nikimpeleka binti kubadilisha bandeji, Sista alinifundisha mambo ambayo sikuwahi kuyasikia darasani. Nayaandika hapa kwa sababu naamini wengi wetu hatuyajui, ingawa tunaishi nayo.

Yupo mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Akiwa mkubwa huishi katika utumbo wa binadamu, na anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Tunampata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye vifuko vidogo vya maji, vidogo kama punje za mchele au mbegu za papai. Mwenye tegu tumboni mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Anakula, analima, anaimba kwaya, na pingili za mnyoo zinatoka na choo chake zikiwa na maelfu ya mayai. Asipotumia choo, au choo kikiwa wazi, nguruwe anayetembea hula kinyesi kile. Mayai huanguliwa tumboni mwa nguruwe, watoto wa tegu hupita katika damu na kujificha nyamani kama vifuko. Tunamchinja, tunamla, na mzunguko unaanza upya.

Hadi hapo nilikuwa na habari kidogo. Nisichokijua ni kwamba binadamu naye anaweza kukaa mahali pa nguruwe. Mayai yale yakimezwa na mtu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga iliyooshwa kwa maji machafu au kwa maji ya kisima yasiyochemshwa, watoto wa tegu hupita katika damu yake vilevile. Wengine hukaa katika misuli, wengine katika jicho, na wengine katika ubongo. Kifuko kinaweza kukaa ubongoni miaka mingi kimya. Mara nyingi taabu huanza pale kinapokufa, kwa maana ndipo kinga ya mwili inapokitambua na kukishambulia, na ubongo unaokizunguka unavimba. Hata kikishakauka na kuwa kigumu kama chokaa, kovu lake linaweza kuendelea kuleta kifafa.

Kwa hiyo kula kitimoto kibichi humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai, na mayai hutoka katika choo cha binadamu. Mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa New York waliukuta kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu ambao kwa imani yao hawagusi nguruwe. Uchunguzi ulielekea kwenye mikono iliyowaandalia chakula nyumbani, mikono ya wafanyakazi waliotoka nchi ambako tegu ni wengi, na ambao hawakujua kwamba wana mnyoo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu anahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa. Hapa kwetu Tanzania watafiti wameukuta ugonjwa huu Mbulu kaskazini, na huku kusini Mbozi yenyewe.

Si kila kifafa ni cha tegu, na Sista alinionya nisiende kutangaza hivyo kigangoni. Kuna kifafa kinachobaki baada ya malaria kali ya ubongo, baada ya homa ya uti wa mgongo, baada ya mtoto kuchelewa kutoka wakati wa kuzaliwa, au baada ya ajali. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa siku hizi wanaangalia zaidi minyoo ya usubi inayosambazwa na inzi weusi wa mitoni. Daktari huyo aliwakuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao, kwa hofu ile ile ya mate. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka lile benchi.

Jumuiya ndiyo iliyofanikisha safari ya hospitali ya rufaa. Watu walewale waliokimbilia mlangoni walitoa mahindi, kuku na fedha kidogo kidogo, mpaka tukapata gharama za picha ya ubongo. Picha ilionyesha madoa matatu meupe, madogo, magumu. Daktari alisema ni vifuko vilivyokwisha kufa zamani. Kwa hali yake hakuhitaji dawa ya minyoo ya ubongoni, bali dawa ya kifafa, kila siku, bila kuruka. Alitueleza pia kwamba kwa wagonjwa ambao vifuko bado ni hai, dawa ya minyoo hutolewa hospitalini chini ya uangalizi pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu vifuko vikifa vyote kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba kwa hatari. Si jambo la kununua vidonge dukani na kumeza.

Mama alipoona picha ile aligusa yale madoa kwa kidole. Aliuliza, "Kwa hiyo ni haya?" Daktari akajibu, "Ndiyo, mama, ni haya." Akalia. Nadhani kwa miaka mitano alikuwa akijiuliza amemkosea nani.

Nirudi sasa kwetu sisi tunaojiandaa kwa upadre. Niliporudi parokiani nilisoma tena Injili ya Marko sura ya 9, habari za yule kijana aliyeletwa na baba yake, ambaye tangu utoto alikuwa akiangushwa motoni na majini. Nilikuwa nimeihubiri mara mbili. Sikuwahi kuona kwamba kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba ni muda gani jambo hilo limempata mtoto. Bwana, ajuaye yote, aliuliza na kungoja jibu. Ni swali lile lile la Sista. Mimi sikumwuliza mama yule swali hata moja. Nilikuwa na jibu tayari.

Simpunguzii Bwana uwezo wake, wala sisemi kwamba shetani hayupo. Kanisa linafundisha kwamba yupo. Lakini Kanisa hilohilo, katika Katekisimu namba 1673, linataka tuhakikishe kabla ya kupunga pepo kwamba tulicho nacho mbele yetu si ugonjwa, kwa maana ugonjwa ni kazi ya tabibu. Na kanuni ya 1172 hairuhusu mtu yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila idhini ya wazi ya Askofu. Frateri hana mamlaka hayo, na katekista hana. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa za ardhini zinatoka kwake. Katika sura hiyo mgonjwa anatakiwa asali na ampe tabibu nafasi yake. Mimi nilivitenganisha, nikavipanga foleni, na dawa nikaiweka nyuma.

Na tuwe wakweli, hata sisi ndani ya Kanisa tumejifunza polepole. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 984, uliwaweka wenye kifafa pamoja na wenye wazimu na waliopagawa na pepo, katika orodha ya wasioweza kupokea Daraja Takatifu. Mkusanyiko wa mwaka 1983 haukitaji tena kifafa. Unazungumzia ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asiweze kutimiza huduma, tena baada ya kuwauliza wataalamu. Ikiwa sheria iliweza kubadilika, na benchi la kigango linaweza kubadilika.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Baba yangu anafuga nguruwe tangu sijazaliwa. Asubuhi anawafungulia, wanazunguka kijijini, jioni wanarudi wenyewe. Choo chetu kilikuwa cha shimo, kuta za matete, bila mfuniko. Nilimsalimu, nikakaa naye siku mbili nikitafuta maneno.

"Baba, shikamoo tena. Nina ombi. Nguruwe wafungwe bandani, na choo tukijenge upya."

"Marahaba. Mwanangu, hao nguruwe ndio waliokusomesha. Kila muhula niliuza mmoja. Leo umesoma, unaniambia ni wachafu?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alisema kweli. Nilimweleza habari za binti na ule mkono. Nilimwambia kwamba nguruwe hana kosa, anakula tunachomwachia. Choo chetu ndicho kinachomdhuru yeye kwanza na sisi baadaye. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Banda litahitaji mabati mangapi?" Tulijenga la mbao kwa siku nne, na choo tukakimaliza kabla sijaondoka. Pumba za kuwalisha bandani ni gharama, na bado ananikumbusha hilo kila tunapoongea kwa simu.

Mimi pia nilipima choo. Nilikuwa nimekula kitimoto katika nyumba nyingi za parokia ile, na mikono yangu ilikuwa ikigawa chakula kwa watoto wa mafundisho. Hawakuona kitu, ingawa Sista alinikumbusha kwamba kipimo kimoja hakimalizi shaka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ugonjwa unatoka kwao na msaada unatoka kwangu. Kumbe hata mayai ya tegu yangeweza kutoka kwangu.

Ndugu mafrateri na wanaparokia, naomba tushike haya machache. Mtu akianguka, msikimbie: mapovu yake hayaambukizi kifafa. Ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni kwa ubavu, msimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, mpelekeni hospitali. Asiache dawa bila kumwona mganga, hata kwa ajili ya novena. Nyama ya nguruwe ikatwe vipande vidogo na iive mpaka ndani, hata kama mchoma nyama ana haraka. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Anayeona vipande vyeupe katika choo chake asione haya kwenda zahanati. Wafugaji wamwulize bwana mifugo, dawa ya nguruwe ipo. Na katika mahubiri yetu, choo kipate nafasi yake. Kumpenda jirani ni pamoja na kutomlisha uchafu wetu.

Duniani watu takriban milioni 50 wanaishi na kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Binti yetu yuko katika njia hiyo. Mwaka jana nilipita kigangoni kuwasalimu. Amerudi shule, yuko nyuma ya wenzake kwa madarasa mawili. Kwa miezi minane alikuwa hajaanguka, kisha akaanguka mara moja, wiki ambayo dawa ilikosekana. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havifunguki.

Wakati wa kutakiana amani nilikwenda nyuma mpaka kwenye benchi lake. Nilimpa mkono wa kulia, akanipa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umempakata mtoto wa jirani aliyeketi kando yake. Nikaushika.